Miaka saba hadi joho: njia ya uwakili hapa Uganda

Kijana wa dada yangu alinipigia simu kutoka Busia matokeo ya S4 (kidato cha nne) yalipotoka. "Shikamoo mama mdogo. Uwakili ni miaka mingapi?" Nikamwambia ahesabu mwenyewe: miwili ya S5 na S6, minne ya digrii, mmoja wa LDC, yaani Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili. Saba, ukiwa hujakwama popote. Akauliza kama kuna njia ya mkato. Hakuna. Njia za kupoteza muda ndizo nyingi, na hizo nazijua kwa miguu yangu.

Kabla ya kitabu chochote, panga vyeti vyako mezani: cha kuzaliwa, PLE (cha shule ya msingi), UCE (cha S4), kitambulisho cha taifa. Jina ni lilelile, herufi kwa herufi? Mimi nimekulia kambi ya polisi Nsambya, na shule moja niliyosoma ilijaza fomu yangu ya mtihani kwa jina lilivyosikika, si lilivyoandikwa. Sikujali. Kosa hilo la herufi moja lilinisubiri miaka minane, likaibuka nilipokuwa nimebakiza hatua moja tu niwe wakili. Tofauti ndogo huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo. Kubadili jina hasa kunadai tangazo katika Gazeti la Serikali. Yote hayo ni pesa na foleni, kwa hiyo rekebisha mapema.

S5 usichague masomo kwa sababu umeambiwa wakili lazima asome historia au fasihi. Unachohitaji ni prinsipo mbili, yaani kufaulu masomo makuu mawili, katika mtihani mmoja wa UACE (wa mwisho wa S6), na aliyepita kwa fizikia anaingia pia. Chagua unachoweza kukifaulu vizuri. Makerere wana mtihani wao wa kujiunga na sheria juu ya matokeo hayo. Vyuo vingine, kama UCU (Uganda Christian University) Mukono au IUIU (Islamic University in Uganda), vina taratibu zao. Popote utakapoenda, uliza kwanza kama kozi ya sheria ya chuo hicho imekubaliwa na Baraza la Sheria, yaani Law Council. Uliza kabla ya kulipa hata shilingi moja, na uulize Baraza lenyewe, si mtu wa kupokea wageni getini. Digrii isiyokubaliwa haitakufikisha LDC.

Kama UACE imekukatalia, kuna stashahada ya sheria inayofundishwa hapo hapo LDC, na kwa waliofikisha miaka 25 kuna mtihani wa watu wazima wa kuingia chuoni. Nimefanya kazi na mawakili walioingia kwa milango hiyo na hakuna mteja aliyewahi kuwauliza.

Digrii yenyewe sina mengi ya kuisemea. Mikataba, jinai, katiba, ardhi. Soma hukumu zenyewe, usitegemee notsi za waliotangulia.

LDC ndipo watu hulia. Chuoni ulikuwa unaulizwa sheria inasemaje. Hapa unapewa faili na unatakiwa uandike. Mnagawanywa katika vikundi vinavyoendeshwa kama ofisi za mawakili, mnaletewa mteja wa kwenye karatasi. Mfano: mjane ana kibanja (kipande anachokaa) kwenye ardhi ya mailo (ardhi ya kumilikiwa na mtu milele), mwenye ardhi ameuza, mnunuzi anataka mama aondoke. Mimi niliandika kurasa nne za historia ya mailo, tangu mkataba wa 1900 wa Buganda na Waingereza. Mwalimu akapiga mstari mmoja juu ya kurasa zote, akauliza, "Mama analala wapi leo?" Alitaka nione kama mume alikaa pale miaka 12 au zaidi kabla ya katiba ya 1995 bila kusumbuliwa, kama busuulu (kodi anayolipwa mwenye ardhi) imelipwa, kama kuna amri ya mahakama, kisha niandike ombi la zuio, likiwa na jina sahihi la mahakama pale juu.

Fanyia mazoezi siku na saa hadi uziote: kuwasilisha utetezi wa kesi ya madai ni siku 15; mshukiwa kufikishwa mahakamani ni saa 48. Na kwa sisi tuliolelewa kwa Kiswahili: mahakama zinaendeshwa kwa Kiingereza, na mtihani vilevile. Andika Kiingereza kila siku. Kiswahili chako utakitumia ofisini, mteja wa mpakani akikaa mbele yako.

Katikati ya mwaka unapelekwa mafunzoni kazini. Usione haya kubeba mafaili. Wale makarani wa masjala wanajua kwa nini karatasi inakataliwa.

Ukifaulu, bado hujawa wakili. Unaomba Baraza la Sheria likuthibitishe, jina linaandikwa kwenye orodha ya mawakili kwa Msajili Mkuu wa Mahakama, kisha unachukua leseni ya kazi. Leseni inakufa kila tarehe 31 Desemba, unaihuisha, na ada ya Uganda Law Society (chama cha mawakili) unailipa upende usipende.

Jana kijana amenitumia picha ya vyeti vyake. PLE imeandikwa Khamisi, UCE imeandikwa Hamis. Jumatatu anapanda taksi kurudi shuleni.