Jinsi ya kuomba ramani ya zamani ya milimani kwenu (mi nilitafuta ya Uluguru)

Wakuu, zile ramani za zamani zenye kontua (mistari ya kuonyesha mwinuko) za kahawia na vidoti vyeusi vya nyumba bado zinatafutika, wa kumwomba ni Idara ya Upimaji na Ramani, Wizara ya Ardhi. Ila usiende ukasema tu "nataka ramani ya Mgeta" kama nilivyofanya mimi, nikaulizwa shiti (karatasi moja ya ramani) namba ngapi nikabaki natoa macho.

Kwahiyo anza na namba. Shiti hazifuati kata wala wilaya, nchi imekatwa miraba ya nusu digrii, kila mraba una namba yake alafu unagawanywa vipande vinne, ndo maana namba inaishia na mkwaju (/) na 1 mpaka 4. Shiti moja ni dakika 15 kwa 15, yaani kilomita 27 na kitu kila upande. Chukua latitudo na longitudo ya kijiji kwenye simu, ukishafika omba waangalie kwenye ile ramani ya faharasa, inayoonyesha namba za shiti zote. Kijiji kikiwa pembeni pembeni andaa hela ya shiti mbili, milima haijui mipaka ya karatasi.

Andika barua fupi kwa Mkurugenzi: namba ya shiti, skeli 1:50,000, mfululizo Y742 (ndo seti ya ramani za Tanzania za skeli hiyo), unaitakia nini, na hapa wengi wanakosea, TAJA TOLEO. Usipotaja unaweza kupewa chapa ya karibuni wakati wewe unataka ile waliyochora Waingereza wa DOS (idara yao ya upimaji wa ng'ambo) kutoka kwenye picha za ndege, urefu kwa futi. Mwanafunzi ambatisha barua ya chuo. Nakala zikiwa zimeisha, ulizia kama wataskani.

Malipo ni kwa kontrol namba tu, risiti tunza.

Nenda na kipande cha bomba la plastiki la kuiviringishia, nakuomba. Yangu nilimpa kijana wa fotokopi akaikunja mara nne, mkunjo umepita juu ya kitongoji cha babu, jina halisomeki tena.

Alafu ukienda nayo mlimani usishangae GPS ikikuweka ng'ambo ya mto, ramani iko kwenye Arc 1960 na simu inatumia WGS84 (mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali), tofauti ni kama mita 300 hivi, badilisha kwenye setingi kwanza ndo uanze kupanda.