Aberdare Ikiungua: Badilisha Njia Kabla Hujatoka Nairobi

Februari 2022 nilipanga kumpeleka mama mkwe Nyeri kwa njia ninayoipenda kuliko zote: Naivasha, Ndunyu Njeru, geti la Mutubio, kisha kuvuka mbuga ya Aberdare kwa juu na kuteremkia Nyeri. Gari lishaoshwa, chapati zishafungwa, ndipo tukasikia mbuga inaungua.

Jambo la kwanza: njia panda yako iko hapa Nairobi. Ukishika Waiyaki Way na kufika Mutubio ukute geti limefungwa, itakubidi uzunguke Ol Kalou, Nyahururu na Mweiga, na siku imekwisha. Ukishika Thika Road unapita Kenol, Sagana na Karatina, lami tupu, safu ya Aberdare ikiwa mbali kushoto kwako. Kwa hiyo amua ukiwa bado sebuleni.

Piga simu getini. Usiulize kama moto umezimwa. Uliza kama barabara ya juu inapitika leo. Ada ya mbuga usilipe kabla ya jibu hilo. Kisha tafuta mtu anayeuona mlima kwa macho yake. Mimi nilimpigia mzee anayetuuzia viazi Ndunyu Njeru.

"Mzee, shikamoo. Moshi unaelekea wapi?"

"Marahaba, mama. Umeteremkia huku kwetu. Nguo tumezianua zimejaa majivu."

Mama mkwe ana pumu. Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Tafadhali usidanganywe na manyunyu ya usiku mmoja. Kule juu nyasi huota kwa mafungu mazito, na chini yake moto hujificha kwenye mizizi, ukafuka kimya mpaka upepo wa mchana uuamshe. Mimi hungoja siku kadhaa hata baada ya kuambiwa umezimwa.

Chumba ulicholipia, omba kihamishwe tarehe badala ya kudai pesa. Wengi hukubali upesi ukiwapigia mapema.

Moshi ukikukuta barabarani, funga vioo, zuia hewa ya nje isiingie, washa taa za chini, punguza mwendo. Ukilazimika kusimama, simama kwenye udongo mtupu. Usiegeshe juu ya nyasi kavu kamwe, maana ekzosi yenye joto inaweza kuziwasha, nawe ukawa umeanzisha moto wa pili. Majivu yakitua kwenye kioo, mwagia maji kwanza ndipo uwashe waipa. Zikipita kavu hupaka weusi usioona mbele. Ukiona moto mpya, piga 999 au 112, taja geti au kijiji cha karibu.

Sisi tulipita Thika Road, dawa ya kuvuta ya mama ikiwa mkononi mwake, si ndani ya begi kwenye buti. Chapati tulizila Karatina. Maporomoko ya Karuru, yaliyo ndani ya mbuga hiyo, tuliyaendea Agosti: nyasi changa zilikuwa zimerudi, na vichaka vilivyoungua vilikuwa bado vimesimama, vyeusi, pande zote za barabara.