Namna ya Kuandaa Hoja ya Sanaa na Urithi Itakayofika Kwenye Bajeti ya Halmashauri

Kikundi cha ngoma kinachotafuta uwanja wa mazoezi, na wazee wasiotaka nyumba ya kale ibomolewe, mara nyingi huanza kwa kosa lile lile: wanaandika barua ndefu ya kueleza jinsi utamaduni ulivyo muhimu. Diwani akiisoma anakubaliana nayo toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha anaiweka pembeni, kwa kuwa haikumwomba aamue jambo lolote. Mwongozo huu ni kwa ajili ya vikundi, watafiti na watu wa asasi za Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria wanaotaka utafiti wao uzae uamuzi. Umejengwa juu ya kanuni moja niliyojifunza kwa kuchelewa: utafiti wa kutetea sanaa unaanzia kwenye kikao kitakachoamua, halafu unarudi nyuma hadi uwanjani.

Kabla ya kuandaa dodoso lolote, andikeni sentensi moja inayotaja nani afanye nini, kwa fedha au mamlaka ipi, na kabla ya lini. "Serikali ithamini ngoma za asili" haimgusi mtu. "Halmashauri itenge eneo la wazi katika kata yetu kwa ajili ya mashindano ya ngoma, na iliingize katika mpango wa mwaka ujao wa fedha" inamgusa afisa ardhi, afisa mipango, diwani na Mkurugenzi, na kila mmoja wao atakuwa na swali lake. Maswali hayo ndiyo dodoso lenu. Afisa ardhi atauliza eneo lina mmiliki au halina. Afisa mipango atauliza gharama. Diwani atauliza ni wapiga kura wangapi wanaojali. Utafiti usiojibu hata swali moja kati ya hayo unaweza kuwa mzuri kwa chuo, lakini kwenye halmashauri hautafungua mlango.

Hatua inayofuata ni kujua jambo lenu ni la nani, na hapa watu wengi hupotea. Ngoma, muziki na maonyesho yako chini ya wizara inayosimamia utamaduni na sanaa, pamoja na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984. Majengo ya kale, michoro ya mapangoni na mabaki mengine ya malikale yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kwa mzee anayetunza ngoma za mtemi, yaani chifu wa jadi, ndani ya nyumba ya mtemi huyo, mgawanyo huo hauna maana yoyote, kwani kwake ngoma na nyumba ni kitu kimoja. Hata hivyo barua zitakuwa mbili. Mipaka ya halmashauri nayo ina mitego yake. Sisi hapa tumezoea kusema "Mwanza" kwa kila kitu, ilhali Kirumba iko Manispaa ya Ilemela, si Jiji. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako Kisesa, wilayani Magu. Na jambo la Ukerewe linaamuliwa Nansio. Barua iliyopelekwa kwa Mkurugenzi asiyehusika hairudishwi haraka, na wakati mwingine hairudi kabisa.

Someni sheria wenyewe, hata kama mna mwanasheria. Mfano unaotuhusu moja kwa moja ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Maana yake ni kwamba nyumba za enzi za Wajerumani zilizobaki mjini kwetu, pamoja na maduka ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi, hazipati ulinzi huo kwa umri wake pekee. Mpaka zitangazwe na waziri. Kikundi kinachosema "jengo hili ni la kale, kwa hiyo linalindwa na sheria" kitashindwa mapema na mwenye tingatinga. Kikundi kinachoomba litangazwe, na kinacholeta picha, vipimo, historia ya umiliki na ushahidi wa matumizi yake, kina pa kushika.

Sasa twende uwanjani, ambako ndiko kazi kubwa iliko. Tuchukue ngoma za Wasukuma, kwa sababu ndizo zenye watu wengi na ndizo zinazodharauliwa kwa urahisi kuwa ni burudani ya baada ya mavuno. Msimu wake ni miezi ya kiangazi, na tamasha la Bulabo la Bujora hufanyika katika majira ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Pande mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi kwenye duara lake. Mtafiti afikirie maana ya jambo hilo: jamii hii ilikuwa ikihesabu watazamaji muda mrefu kabla ya sisi kufika na kalamu. Lakini pia kila upande una sababu ya kuzidisha idadi yake. Ukimuuliza Mgika, yaani mtu wa upande wa Bagika, peke yake walikuja watu wangapi, umeuliza mshabiki matokeo ya mechi ya timu yake.

Kwa hiyo hesabuni wenyewe. Gaweni uwanja katika vipande vinavyolingana kwa kutumia alama zilizopo, kama vile mti, nguzo ya umeme au kona ya duka. Hesabuni watu waliomo katika vipande viwili au vitatu, vyenye msongamano na visivyo na msongamano, kisha kadirieni jumla. Rudieni asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu umati wa saa nne si umati wa saa kumi. Andikeni saa na jina la aliyehesabu. Watu wawili wahesabu kipande kile kile bila kuambiana, na wakitofautiana sana, hesabu hiyo irudiwe palepale.

Idadi ya watazamaji ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni fedha inayozunguka, ambayo wachezaji wenyewe hawaioni kama fedha. Kaeni na mweka hazina wa kikundi na kupitia msimu mmoja: ngozi za ngoma na fundi aliyeziwamba, mavazi na fundi cherehani, njuga, usafiri wa Fuso kutoka kijijini, chakula cha siku mbili, na siku ambazo wachezaji waliacha shamba au kibarua. Wengi watasema hawana daftari, na ni kweli hawana. Muulizeni basi kila mmoja alitoa nini mfukoni, na mtashangaa jinsi kumbukumbu za michango zilivyo kali. Baada ya hapo waendeeni mama lishe, wauza miwa, wakaanga dagaa na madereva wa bodaboda wa jirani, na muwaulize mauzo ya siku ya kawaida na ya siku ya ngoma. Msiwaulize kama ngoma inawasaidia. Watajibu ndiyo kwa adabu, na jibu hilo halina uzito. Takwimu zenu zielezeni kuwa ni makadirio yenu, na semeni wazi mlivyozipata. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2018 na tena mwaka 2019, ni miongoni mwa zile za kusomwa kabla ya kuchapisha namba yoyote.

Kuhusu ridhaa, nitaeleza kosa langu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilimwendea manju mmoja mzee, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, nikiwa na fomu ya kurasa mbili ya kuruhusu nyimbo zake zirekodiwe. Nilimwamkia, akaipokea, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, nikitia dole gumba hapa, wimbo unabaki kwangu au unaondoka na wewe?" Fomu yangu haikuwa na jibu. Tangu siku hiyo jambo la kwanza ninaloeleza, kwa mdomo na mbele ya mashahidi anaowachagua yeye, ni wapi rekodi itahifadhiwa, nani ataisikia na nani anaweza kuomba ifutwe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi ambazo hazina mtunzi mmoja anayejulikana, na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, unataka jamii yenyewe ishiriki katika kuorodhesha na kulinda urithi wake. Yapo pia mambo ya kutoandikwa kabisa. Dawa za ngoma, zile ambazo wachezaji hutumia kuvuta watu, ni mojawapo. Anayewaruhusu kuona si lazima awe amewaruhusu kuandika.

Vibali havihitaji maneno mengi. Mtafiti wa kigeni hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwanafunzi au mhadhiri huja na barua ya chuo, ambayo hupitishwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa na kushuka hadi wilaya, kata na kijiji. Mkihitaji taarifa zilizo mikononi mwa halmashauri, kwa mfano fedha iliyotengwa kwa utamaduni mwaka uliopita, raia ana haki ya kuziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Hakikisheni nakala yenu ya barua inagongwa muhuri wa kupokelewa.

Andiko la kupeleka kwenye kikao lisizidi kurasa mbili. Niliwahi kupeleka la kurasa arobaini katika ofisi moja, lenye sura ya nadharia na picha za rangi. Baada ya miezi mitatu nililikuta limewekwa chini ya birika la chai. Ukurasa wa kwanza ubebe ombi, idadi mliyoihesabu, gharama na faida kwa kata, kwa mpangilio huo. Wa pili ueleze mlivyofanya utafiti na ujibu pingamizi lenye nguvu kuliko yote, ambalo kwetu huwa ni hili: kwa nini fedha iende kwenye ngoma wakati zahanati haina dawa? Msilikwepe. Ombeni kitu ambacho hakigombanii fungu la zahanati, kama vile eneo la wazi, sheria ndogo ya kupunguza ushuru siku ya tamasha, au mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo kikundi cha wasanii kilichosajiliwa kinaweza kuiomba kama kikundi kingine chochote.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini anayekuja Mei amekuja kula makombo. Hoja ianzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa, iingie kwenye muhtasari, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, na iwe imeshafika kwa wataalamu wa halmashauri kabla mwaka wa kalenda haujaisha, ili ikutane na bajeti ikiwa bado ni rasimu. Afisa utamaduni asishtukizwe. Mara nyingi yuko peke yake na hana fungu la maana, na hoja yenu iliyoandikwa vizuri inaweza kuwa ndiyo silaha pekee aliyowahi kupewa ya kusimama nayo mbele ya wakuu wa idara wenzake. Kwenye kikao azungumze mpiga ngoma au mwenyekiti wa kikundi, na mtafiti akae nyuma na karatasi zake, ajibu tu akiulizwa namba ilivyopatikana.

Baraza likishaamua, ombeni nakala ya muhtasari, kisha baada ya Julai angalieni kama kifungu kimo kweli kwenye kitabu cha bajeti, maana lililopitishwa kwa makofi huweza kupotea kwenye uchapaji. Rudini pia kijijini na kuyasoma matokeo kwa sauti, kwa Kisukuma au Kikerewe pale inapobidi, ili waliohojiwa wasahihishe kilichoandikwa vibaya. Nakala moja ibaki kwa katibu wa kikundi, ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua za masika, ikiwa na ramani ya vipande vya uwanja na majina ya waliohesabu, kwa sababu msimu ujao watahesabu tena na huenda ninyi hamtakuwepo.