Longonot wakati wa jua kali: chupa ya kitambaa chekundu haiguswi

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na siku ya kwanza kupanda Longonot, mlima wa volkeno ulio ndani ya hifadhi ya taifa karibu na Naivasha, nilijipiga kifua: joto gani hilo la kunitisha mimi? Kumbe joto la pwani lina adabu, linakupa habari mapema. Jasho linatiririka, nguo inakuganda mgongoni, wewe mwenyewe unatafuta dafu. Longonot hewa ni kavu na upepo haupumziki, jasho hukauka kabla hujaliona. Niliamini sikutoka jasho hata tone, mpaka niliporudi langoni nikaona blauzi yangu nyeusi ina mistari myeupe ya chumvi, kama ramani.

Kwa hivyo, huku usingoje jasho wala kiu. Tazama saa. Kila dakika ishirini, mafunda manne au matano, utake usitake.

Sasa nina kibanda changu cha ushonaji Naivasha, na kila Januari na Februari ndugu zangu wa pwani wakija wanataka kupelekwa mlimani. Ninawapeleka, lakini kwa masharti yangu.

Maji ni lita tatu kwa kila mtu, katika chupa mbili za lita moja na nusu. Ziwe chupa ngumu za kutumika tena, kwa sababu zile za plastiki za dukani zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu Juni 2020. Chupa moja ninaifunga kitambaa chekundu shingoni, kipande cha mabaki ya kazi. Hiyo ni ya kurudi. Ndani yake ninatia chumvi na sukari: kwa kila lita, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, vyote vya kusawazishwa. Haifunguliwi wakati wa kupanda, hata mtu akilia.

Chakula, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi na machungwa. Mahamri yaache nyumbani. Mafuta na jua haviketi pamoja tumboni.

Kiingilio kilipe kwa simu kupitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, usiku uliotangulia, usije ukahangaika na mtandao pale langoni huku jua linapanda. Panda matatu ya barabara ya Mai Mahiu, shuka Longonot mjini, kisha bodaboda hadi langoni. Ukitoka Nairobi ni barabara iyo hiyo ya chini, karibu kilomita 90. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na mimi nataka saa kumi na mbili u nusu tuwe njiani. Anayechelewa kwa sababu ya chai atanikuta nikirudi.

Toka langoni hadi ukingo wa shimo la volkeno ni kilomita 3.1. Zinasikika chache. Mwanzo ni tambarare, twiga na pundamilia unaweza kuwaona, kisha njia inasimama wima na chini ni jivu la zamani, laini kama unga wa sembe. Kivuli hakuna. Kuna vichaka vya leleshwa, na leleshwa kivuli chake kinamtosha mbuzi. Vaa viatu vya kufunika vyenye meno, soksi ndefu, mikono mirefu ya pamba, na kofia pana yenye kamba ya kidevuni, maana upepo wa juu hauombi ruhusa. Leso usiiache: ni ya kufunika pua vumbi likitimka, na ya kulowesha ukafunga shingoni. Tembea mwendo wa kuweza kupiga soga. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Ukifika ukingoni ndipo pa kuamua. Kuzunguka shimo lote ni kilomita 7.2 zaidi, kupanda na kushuka, na kilele cha mita 2,776 kiko upande wa magharibi. Kanuni yangu: kama saa tatu haijafika na chupa isiyo na kitambaa ina maji zaidi ya nusu, twende. La sivyo keti, tazama ule msitu ulioota ndani ya shimo na Ziwa Naivasha linavyometa kule, kula viazi, rudi.

Mwanangu mmoja, wa dada yangu, kijana wa mazoezi ya vyuma, alinipita njiani akicheka. "Mamdogo, utatukuta juu!" Nilimkuta juu kweli, chupa zote mbili tupu, misuli ya paja imekaza akashindwa kukunja goti. Tulishuka naye hatua kwa hatua kwa maji yangu ya kitambaa chekundu, na hakucheka tena hadi Naivasha.

Kukaza kwa misuli ni onyo dogo. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, safari imekwisha: pumzika, kunywa kidogo kidogo, shukeni. Lakini mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba, hilo ni jambo la kuokoa maisha. Mwagieni maji, leso zilizolowa ziwekeni shingoni na makwapani, mpepeeni, tengenezeni kivuli kwa leso nyingine, na mmoja apige simu langoni kwa askari wa hifadhi. Namba yao ichukueni asubuhi mnapoingia.

Kushuka ndiko kunakoangusha watu. Jivu linateleza, magoti yamechoka, jua liko utosini. Kata kucha za miguu siku moja kabla, kaza kamba za viatu, na penye mteremko mkali ushuke kiubavu.

Na nguo ukifika nyumbani, zikung'ute nje kwanza, zikiwa kavu. Ukizitumbukiza kwenye beseni moja kwa moja lile jivu linageuka tope, linaingia kwenye mishono, na mimi nitaletewa zipu isiyofunga.