Kabla hujatoa mkojo wa kupimwa dawa za kulevya baada ya ajali kazini: mambo ya kuzingatia

Kama unapakua mizigo mpakani Malaba, unapanda jukwaa la ujenzi Kampala au unasimamia mashine kiwandani Jinja, soma haya leo ukiwa mzima. Siku ya ajali hutakuwa na akili ya kusoma chochote.

Weka nakala ya mkataba nyumbani. Kama hukupewa mkataba, tunza karatasi za mshahara au ujumbe wa pesa za simu, maana fidia huhesabiwa kwa mshahara wako. Jua majina ya wenzako wa zamu. Ukiumia, mpe mwajiri taarifa kwa maandishi mapema, usivuke mwezi mmoja.

Sasa tuje kwenye mkojo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema fidia hulipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Anayekufa au kulemaa kabisa, kiwango ni mishahara ya miezi 60. Anayelemaa sehemu ya mwili hupata asilimia ya hiyo kulingana na kiungo. Hizo ni pesa nyingi, na kuna mwajiri atakayetaka mkojo wako kabla damu haijakauka, apate pa kuandika kwamba ulikuja kazini umelewa. Usigome kwenda kwa daktari wake. Sheria inampa haki ya kukupeleka, na ukikataa, haki yako ya fidia inasimamishwa. Nenda, lakini nenda umejipanga.

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu mimi sikujipanga. Nilikuwa mpakiaji kwenye ghala moja karibu na mpaka. Mlango wa kontena ulinibana mkono wa kushoto, vidole viwili vikaenda. Wenzangu walinifunga kwa fulana wakanikimbiza kituo cha afya. Nesi aliponiona natetemeka akanichoma mofini, dawa kali ya maumivu. Saa tisa alasiri msimamizi akaja na mtu mwenye kikopo. Nikakojoa, sikuuliza kitu. Siku tatu baadaye nikaonyeshwa karatasi: dawa za jamii ya afyuni, zimeonekana. Kwa bosi kesi ikawa imekwisha. Mofini hutokana na hiyo afyuni, na karatasi haikusema imeingia mwilini saa ngapi wala kwa mkono wa nani.

Miezi minne nilizunguka. Watu mtaani wakaanza kumwuliza mke wangu kama natumia unga. Kilichoniokoa ni daftari, lile daftari la shule la kurasa 48 tunalonunua dukani kwenda nalo hospitali. Nilidhani limepotea. Mke wangu alilikuta chini ya godoro la mtoto, jalada limegandana kwa damu. Ndani nesi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu jina la dawa, kipimo chake na saa: saa sita kasoro dakika ishirini mchana. Mkojo ulichukuliwa zaidi ya saa tatu baadaye. Afisa wa kazi wa wilaya, yule wa serikali anayeshughulikia madai ya wafanyakazi, aliusoma mstari ule mara mbili, akamwita mwajiri. Nililipwa, ingawa kazi sikurudishiwa.

Kwa hiyo shika hili: kabla kikopo hakijafika mkononi mwako, hakikisha kila dawa uliyopewa imeandikwa pamoja na saa yake, na mtu wako abaki na daftari. Kama huwezi kusema, mwenzako amwombe nesi aandike. Usimwachie msimamizi daftari hata kwa dakika moja. Lipige picha.

Dawa za kikohozi zenye kodeini, ndugu ya mofini, huleta matatizo hayo hayo. Fenobabito, dawa ya kifafa, nayo huonekana kwenye kipimo. Na kwa ndugu zangu wanaomeza ARV, dawa za VVU: efavirenzi, mojawapo ya dawa hizo, inajulikana kufanya baadhi ya vipimo vya haraka vionyeshe bangi kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa. Ukiwa unaitumia, mwambie daktari faraghani, si karani wa ghala, na dai kipimo cha pili cha maabara kabla jibu halijaandikwa kwenye faili lolote. Hali yako ya kiafya ni siri yako, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za mtu tangu 2019.

Kwa anayevuta bangi siwezi kukuficha. Alama yake hukaa kwenye mkojo siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hufika wiki kadhaa. Kipimo kinaonyesha kwamba imepita mwilini. Hakionyeshi kwamba ulikuwa umelewa saa ile mlango ulipokubana. Sema hivyo mbele ya afisa wa kazi, kwa sauti. Lakini usipande mashine ukiwa umevuta, kwa sababu mwenzako aliye chini yako hakuvuta.

Usisaini karatasi usiyoielewa, hata ukiambiwa ni ya kawaida tu. Usipokee bahasha ya "pole" ukaambiwa yameisha. Weka namba ya afisa wa kazi kwenye simu yako na ya mkeo, na daftari likae mahali ambapo watu wawili nyumbani wanapajua.