Kupima kelele kwa kipima sauti bila kujidanganya

"Desibeli 78" ikiandikwa peke yake haimsaidii mtu. Imepimwa kwa kichujio gani, umbali gani, kifaa cha daraja gani la usahihi? Mwenye mashine atakuja na namba yake, jirani na yake, na huenda wote wakawa wamesoma kwa usahihi.

Kifaa hulinganisha shinikizo la sauti na maikropaskali 20, pale sikio lenye afya linapoanza kusikia. Kichujio A hufuata sikio: sauti ya hezi 1,000 hakiigusi, ya hezi 100 huikata desibeli 19 hivi. Kichujio C huiacha besi karibu yote. Kwa jenereta au spika za muziki soma zote mbili. C ikiizidi A kwa 20, shida ni besi, na A peke yake itaificha.

Kabla ya kupima, sukuma maikrofoni mpaka mwisho ndani ya kalibreta, kifaa kidogo kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana: desibeli 94, hezi 1,000. Isipokaa vizuri hewa huvuja na namba hushuka, kisha mtu "anarekebisha" kifaa kizima. Rudia ukimaliza kazi. Tofauti ikizidi 0.5, vipimo vya katikati usivitumie.

Vika maikrofoni sponji ya upepo, hata ndani palipo na feni. Tumia stendi, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, angalau mita 3.5 kutoka ukutani, maana ukuta wa karibu unaweza kuongeza desibeli 3. Wewe mwenyewe kaa mbali kidogo: mwili nao hurudisha sauti.

Kelele inayopanda na kushuka ipime kwa Leq, yaani wastani wa nishati. Usijumlishe namba na kugawa. Mashine ikitoa 90 kwa nusu saa na 60 kwa nusu saa nyingine, hesabu ya kichwani inakupa 75. Leq ni 87. Kosa hili ndilo huwaponza wengi.

Kisha zima chanzo, upime mazingira matupu. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ikiwa zaidi ya 10, endelea. Ikiwa 3, toa 3 kwenye kipimo. Chini ya hapo hujapima mashine, umepima mtaa.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 61672 kinapanga vipima sauti daraja la 1 na la 2. Kalibreta zina IEC 60942. Programu ya simu inafaa kudokeza tu. Na kanuni ya kuhukumia nayo itajwe: Marekani kwenyewe, kwa 95 dB(A), yaani desibeli za kichujio A, OSHA, mamlaka ya usalama kazini, inaruhusu saa 4 za kazi; NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama kazini, inapendekeza dakika 47 hivi. Kwa hiyo kwenye fomu andika LAeq (Leq ya kichujio A), muda, umbali, daraja la kifaa, namba za kalibreta kabla na baada, na kanuni uliyotumia.