SOMO: Kuchagua kitambaa chepesi na kigumu cha hamoki ya kushona mwenyewe

Habari zenu wadau. Watu wanahangaika na kushona hamoki (kile kitanda cha kitambaa cha kuning'iniza kwa kamba kati ya miti miwili) wakati kazi kubwa iko kwenye kitambaa, na kitambaa kinene sio lazima kiwe imara, hilo toeni kichwani kabisa.

Hatua ya 1. Jua mzigo. Kamba zikishuka digrii 30 toka usawa, kila upande unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wako mzima, yaani mtu wa kilo 80 kila ncha inabeba 80. Ukikaza mpaka digrii 15 inafika kama 155 hivi!! Halafu tunalaumu kitambaa.

Hatua ya 2. Aina. Pamba tamu kulalia ila nzito, inakunywa maji na ikikaa na unyevu inaoza, kama unabeba mgongoni sahau. Zinabaki nailoni na polista. Nailoni laini na inavutika, shida ikilowa inalegea, umelala juu asubuhi uko karibu na chini. Polista haivutiki sana na inavumilia jua zaidi, mi kwa mtu mwenye mwili namshauri hiyo.

Hatua ya 3. Uzito. Angalia gramu kwa mita mraba. 35 hivi ni ya mtu mwepesi na mwangalifu, ukiwa na kilo zako nenda 55 hadi 65. Kipande cha mita 3.3 kwa 1.5 cha gramu 55 kina gramu kama 270 tu, kwa hiyo usibanie hapo.

Hatua ya 4. Kijaribu hukohuko dukani. Weka mdomoni upulize, hewa ikigoma kupita kimepakwa silikoni au plastiki, hicho ni cha turubai la mvua, ukikilalia utaamka umeloa jasho. Kiinue kwenye mwanga utafute matundu. Kile chenye vijumba vya mraba ndo chenyewe, nyuzi nene zile zinazuia mpasuko usikimbie.

Hatua ya 5. Mara ya kwanza ifunge chini chini, kalia taratibu kabla ya kulala.

MASWALI

— Mkuu nina shuka la zamani, linafaa?
Kujifunzia kushona sawa, kulalia hapana. Huwezi kujua jua na kufuliwa vimekula kiasi gani.

— Muuzaji hajui ni pamba au ni polista, nafanyaje?
Chomoa nyuzi mbili tatu uchome kwa kiberiti, nje ya duka lakini. Pamba inanuka karatasi na inabaki jivu, nailoni na polista zinayeyuka zinakuwa shanga ngumu. Ndo maana hamoki hizi usizifunge karibu na moto, cheche moja tundu.

— Leya mbili nyepesi au moja nzito?
Mbili kama utatumia godoro jembamba, unalichomeka katikati halitelezi. Kama hutumii basi moja, kushona mbili zikae sawasawa ni usumbufu.

— Na uzi je?
Polista, usiweke wa pamba, na sindano nyembamba, namba 70 au 80 inatosha.